Mwanamke Aliyeinuka Karashani

Mimi ninauza chai. Nianze na hilo, kwa sababu habari hii ni ya Bernadina lakini na mimi nina mkono wangu ndani yake, na mkono wenyewe ulikuwa umeshika kijiko cha sukari.

Kibanda changu kipo kwenye makarasha, nje kidogo ya Katoro, upande wa barabara iendayo Ushirombo. Asiyejua karasha aelewe hivi: ni pipa nene la chuma, limelazwa ubavu, linazungushwa na injini. Ndani mnatiwa mawe ya dhahabu pamoja na mipira ya chuma, mfuniko unakazwa kwa nati, na pipa likizunguka kwa saa moja na nusu au mbili, mawe yanatoka yakiwa unga. Unga huo ndio wachimbaji wanaoupeleka mwaloni kuuosha na kutafuta riziki yao. Kelele zake ukizizoea huzisikii tena. Injini ikizimwa ndipo unaposhtuka.

Katika safari nzima ya dhahabu, karashani ndipo mchimbaji anapoogopa zaidi. Duarani, kwenye shimo la kuchimba, yupo na wenzake, mwaloni anaosha kwa mikono yake, lakini karashani mawe yake yanaingia kwenye chuma cha mtu mwingine, na mara nyingi yeye mwenyewe hana nafasi ya kubaki. Kwa hiyo anaweka msimamizi. Kazi ya msimamizi ni kukaa mbele ya mfuniko, asiondoe macho, mpaka nati zifunguliwe mwenye mawe akiwepo. Na huku kwetu ipo imani, sijui aliianzisha nani, kwamba msimamizi akiinuka mawe yakiwa ndani, dhahabu nayo inainuka ikaenda zake. Utacheka. Mimi nilicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili nilimwona mtu mzima na ndevu zake akilia kwa sababu msimamizi wake alikwenda chooni.

Sasa, kwa kukaa, Bernadina hakuwa na mpinzani. Ni Msumbwa wa Ushirombo, amekulia jirani na misheni, mjane wa fundi seremala. Mwanawe Sostenes anaendesha lori Kahama. Alipokuja Katoro alikuja na sanduku, blanketi, na kigoda cha mninga alichochongewa na marehemu mumewe. Kigoda hicho alikiweka mbele ya karasha la mzee Mwigulu na akakikalia miaka kumi na moja. Anafika saa mbili asubuhi, anajitanda khanga puani kwa ajili ya vumbi, anakaa. Saa kumi jioni anainuka. Maji alikuwa hanywi mpaka jioni ili asiombe ruhusa ya kwenda popote. Wachimbaji walikuwa wakitoka Nyarugusu na kwingineko, wakipita makarasha mengine matatu, ili mawe yao yakasagwe mbele ya Mama Sostenes asiyeinuka. Hilo ndilo lilikuwa jina lake, na alilivaa kama watu wengine wanavyovaa saa ya mkononi.

Na mimi nilikuwa nikimsaidia kukaa. Kikombe kikubwa cha chai, vijiko vinne vya sukari, chapati mbili, nampelekea pale pale kwenye kigoda, saa nne na saa nane. Nilijiona mtu mwema sana.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Halafu akakonda mabega, halafu akawa ananiambia herufi za kwenye magunia zinaota manyoya. Alipopimwa kwenye kituo cha afya waligundua kisukari. Akapewa vidonge, akavimeza kwa utii, kama alivyokuwa akitii kila kitu. Sukari kwenye chai tuliikata. Alilalamika miezi miwili kwamba chai bila sukari ni maji yaliyosikia habari za majani. Chapati mbili zikawa nusu, na maharage na mboga za majani zikaongezeka. Pamoja na hayo yote, kila akienda kupima, namba ilikuwa palepale juu. Kumi na nne asubuhi kabla ya kula. Kumi na tatu. Kumi na nne tena.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilimsindikiza kliniki. Nesi anayeshughulikia wagonjwa wa sukari anaitwa Suzana, binti mdogo wa umri lakini ana macho ya mama mkwe. Alitazama daftari, akatazama vidonge vilivyobaki, akahesabu, akaona Bernadina hadanganyi.

"Mama, unatembea?" akauliza.

"Natembea, mwanangu. Nyumbani mpaka kazini nusu saa, asubuhi na jioni."

"Vizuri sana. Na katikati?"

"Katikati nakaa."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kazi iishe."

Mimi nikadakia, maana ningengoja aseme mwenyewe tungelala pale. "Saa nane, nesi. Siku nyingine tisa. Hainuki hata kujinyoosha."

Suzana akaweka kalamu chini. Alieleza taratibu, na nilipenda alivyoeleza kwa sababu hata mimi nilielewa. Alisema misuli mikubwa ya mapaja na miguu ndiyo inayokula sukari kwa wingi, lakini inakula inapofanya kazi. Mtu akila kisha akakaa tu, misuli inasinzia, na sukari inabaki kwenye damu ikizurura. "Mwendo wako wa asubuhi usiuache," alisema, "lakini hauwezi kukulipia saa nane za kigoda. Kila nusu saa inuka utembee dakika tatu, hata polepole. Hasa baada ya kula. Na dawa meza vilevile kama kawaida."

Kisha akamwambia avue viatu, afumbe macho, akawa anamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni. "Sema ukihisi," akamwambia. Mguu wa kulia Bernadina alisema "ndiyo" kila mara. Mguu wa kushoto uzi uligusa mahali patatu na yeye ametulia tu, amefumba macho, anangoja kuguswa.

"Miguu hii lazima tuitunze," Suzana akasema. Katoro kila mtu anamjua mtu aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari.

Tulipotoka nje Bernadina alisimama kivulini akifunga daftari lake kwenye khanga. "Kila nusu saa, Asteria," alisema. "Mzigo mmoja ni kuinuka mara nne."

"Basi inuka mara nne, dada."

"Halafu nani ataniletea mawe?"

Akikaa atapoteza mguu, akiinuka atapoteza kazi na jina, na mjane wa miaka hamsini na minane hapati jina jingine kirahisi.

Alijaribu. Jumatatu ile aliinuka mara ya kwanza karasha likizunguka, akaenda hatua kumi mbele, akarudi. Watu walimtazama kama vile amevua nguo. Mzigo ulikuwa wa Maduhu, Msukuma wa Bukombe, kijana wa kama miaka thelathini, mpole lakini mwenye hofu nyingi. Unga wake ulipooshwa haukutoa alichokitarajia. Akarudi jioni, akasimama mbele ya Bernadina akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mwadila, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma, kwa heshima ya mtoto kwa mama. "Nimesikia uliinuka."

"Niliinuka kwa ajili ya ugonjwa, mwanangu."

"Pole sana. Lakini uliinuka."

Hakugomba wala hakutukana, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kesho yake Bernadina alikaa kwenye kigoda chake saa mbili asubuhi na hakuinuka mpaka saa kumi. Na keshokutwa yake. Miezi miwili. Nilimwita mjinga, na nilimaanisha. Akanijibu kwamba mjinga ni yule anayemshauri mwenzake aache kazi huku yeye kibanda chake kinaendelea kuchemsha. Tukanuniana siku nne, nikimpelekea chai bila salamu.

Siku ya tano nilipompelekea niliona kitu chekundu chini, karibu na kigoda. Nilidhani ni kipande cha khanga. Nikainama. Ilikuwa damu, na ilikuwa inatoka chini ya ndala yake ya kushoto. Kipande cha waya wa kuchomelea kilikuwa kimepenya ndala kikaingia kwenye unyayo. Alikuwa amekikanyaga njiani asubuhi, na sasa ilikuwa saa nne.

"Dada, mguu wako," nikasema.

Aliutazama mguu kama anatazama mguu wa mgeni. "Sijasikia kitu," alisema. Na hapo ndipo Bernadina alipoogopa. Nilimwona. Miaka yote nimemjua sijawahi kumwona ameogopa, na siku ile midomo yake ilikauka.

Kidonda kiliuguzwa wiki sita. Nashukuru Mungu kilifunga. Suzana alimwambia, "Safari hii umepona," na akampa maelekezo ya kukagua nyayo kila jioni na kuvaa viatu vya kufunika. Wakati wa kuuguza alilazimika kupumzisha mguu, akawa anakaa nyumbani kwangu uani ananimenyea viazi, na tukayazungumza yote. Mimi nikamweleza uamuzi wangu: kuanzia siku atakayorudi kazini, chai yangu haitembei. Anayeitaka aifuate. Na kila nusu saa simu yangu italia, nami nitagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko mpaka ainuke, hata kama wateja watanikimbia.

"Utafukuza wateja kweli," alisema.

"Waende."

Akafikiri, akakata kiazi. "Sitaondoka karashani," akasema. "Nitalizunguka. Mtu akilizunguka pipa bado yupo na pipa."

Aliporudi aliwakusanya wachimbaji waliokuwa na mawe siku hiyo, watu saba. Akasema mbele yao akiwa amesimama: "Mimi ni mgonjwa wa sukari. Nitainuka kila nusu saa nilizunguke pipa hili dakika tatu, sitaligeuzia mgongo. Anayeona haifai aweke mtu mwingine, sitamchukia." Watatu wakabeba viroba vyao wakaenda. Maduhu alibaki. Sio kwamba alikuwa ameshawishika. Msimamizi wa karasha la pili ni mlevi.

Nyuma ya karasha la Mwigulu kuna kipande cha bati kilichosimamishwa kuzuia watu wasikaribie mkanda wa injini, na nyuma ya bati kuna kinjia chembamba kati ya pipa na ukingo wa udongo. Hakuna aliyekuwa akipita pale isipokuwa kibarua wa Mwigulu, jioni, na fagio. Ni desturi ya makarasha yote: vumbi linaloangukia nyuma ni la mwenye karasha, kama ilivyo kwenye mashine ya kukoboa, kinachobaki chini mwenye mashine anafagia na hakuna mtu anayemuuliza. Mbele ya mfuniko ni pa mchimbaji, nyuma ni pa mwenye chuma. Kwa miaka kumi na moja kigoda cha Bernadina kilikuwa mbele.

Siku mbili za kwanza alizunguka bila kuona ajabu, unga wa chini akaupita kama vumbi la kawaida. Alikuwa akitembea taratibu kwa sababu ya mguu, mkono mmoja kwenye ukingo. Watu walimchekacheka. Siku ya tatu saa nne niligonga mfuniko wangu, akainuka, akaingia nyuma ya bati. Dakika tatu zikapita, hakutokea. Tano. Nikaacha sufuria nikamfuata.

Alikuwa amesimama akitazama chini. Kila pipa lilipogeuka, kwenye mshono wa chuma upande wa nyuma kulikuwa kunatoka unga, kiasi kile unachoshika kwa vidole vitatu ukitia chumvi kwenye mboga. Pipa linageuka, unga unadondoka. Linageuka, unadondoka. Chini palikuwa pameshajaa kichuguu kinachotosha kuwapikia ugali watu wanne, kama ungekuwa wa mahindi.

"Asteria," alisema, "hili si vumbi."

Aliinama akauchota, akausugua kiganjani. Ulikuwa mzito na wa moto. Nilielewa mara moja, na nitasema nilichosema ingawa naona aibu mpaka leo. Nilimwambia, "Rudi ukakae. Hujaona kitu."

Kwa sababu nilipiga hesabu haraka kuliko yeye. Akisema, swali la kwanza litakuwa: na mwaka jana je? Na mwaka juzi? Mama Sostenes asiyeinuka, asiyeondoa macho, alikuwa anatazama nini? Katoro mtu anapigwa mawe kwa kidogo kuliko hicho. Na hata wasipompiga, jina lile alilolijenga miaka kumi na moja lingekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Na yeye alijua. Hakuhitaji kuambiwa. Alisimama pale jasho likimtiririka kwenye mapanja, unga kiganjani, pipa likigeuka. "Nimekaa upande ule," alisema polepole, "miaka yote hii nimekaa upande ule." Kisha akanipita, akaenda kwa fundi wa injini, akamwambia azime.

Injini ilipokatika kila mtu aligeuza kichwa. Aliagiza Maduhu aitwe duarani na mzee Mwigulu aitwe nyumbani. Walipofika hakuzungukazunguka na maneno. Aliwapeleka nyuma ya bati akawaonyesha. "Mshono umefunguka," akasema. "Unga wa Maduhu unamwagikia huku. Mimi nimekuwa nikikaa kule mbele, sikuwahi kuona. Sijui umeanza lini."

Mwigulu, mtu mzima wa heshima zake, alivuta pumzi. "Hilo ni vumbi, Mama Sostenes. Vumbi la nyuma ni la mwenye karasha."

"Vumbi linapepea, mzee," Bernadina akajibu. "Hili linaanguka."

Maduhu alichota ule unga wote kwenye kiroba, akaenda kuuosha mwaloni bila kuuchanganya na mwingine, tukimfuata kama msafara wa msiba. Ulitoa. Mimi sihesabu mali za watu, lakini ulitoa kiasi kwamba Maduhu alikaa chini kwenye tope na suruali yake. Fundi wa kuchomelea alipokuja jioni kuangalia ule ufa, alisema si wa jana wala wa mwaka jana. Ndani ulikuwa umelika ukawa laini. Mwigulu aliapa kwamba hakujua, kibarua wake alikuwa akifagia alichokikuta tu. Bernadina anamwamini kabisa. Mimi namwamini nusu.

"Na mizigo yangu mingine, mayu?" Maduhu alimuuliza akiwa bado ametapakaa tope.

"Sijui, mwanangu."

Kesho yake alikuja akabeba viroba vyake vyote akavipeleka karasha jingine. Na wengine wakamfuata. Hakuna aliyempiga Bernadina, hakuna aliyemtukana. Walianza tu kumwita Mama Sostenes aliyekaa, na wakawa wanacheka kidogo wakilitamka.

Ndipo nilipoona mwenzangu alivyo. Mwigulu aliziba ufa, karasha likabaki bila kazi karibu mwezi mzima, na Bernadina aliendelea kuja saa mbili asubuhi. Anakaa mbele ya pipa lililonyamaza. Nagonga mfuniko wa sufuria, anainuka, anazunguka, anakuja kunywa chai yake isiyo na sukari, anarudi. Nusu saa, nagonga tena. Watu walisema amechanganyikiwa. Nilimuuliza kwa nini asipumzike nyumbani. Akasema nyumbani kuna kiti kizuri, atakikalia.

Mwezi wa tisa tulikwenda kliniki. Tisa nukta moja asubuhi kabla ya kula. Suzana alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kisha akajirudi, akasema bado haijafika panapotakiwa, dawa hazipungui, na miguu ikaguliwe vilevile. Sehemu tatu za mguu wa kushoto bado hazisikii uzi. Pengine hazitasikia tena. Lakini njiani kurudi Bernadina alitembea mbele yangu, na mimi mwenye sukari safi nilikuwa nahema nyuma.

Wiki ile ile Maduhu alirudi. Alikuja na viroba sita kwenye bodaboda mbili, akavipanga mbele ya kigoda bila kumtazama mtu usoni.

"Huko ulikokwenda kumekushinda nini?" nikamuuliza, maana mimi simezi swali.

"Msimamizi wa huko amekaa," alisema. "Nikawa namtazama alivyokaa, sina raha."

Siku hizi wachimbaji ndio wanaomuuliza kabla hata mimi sijagonga: mayu, umeshazunguka? Wapo wanaosema msimamizi asipoinuka dhahabu inakimbia. Siwasahihishi. Waliokwenda na hawakurudi wapo pia, na ninawaelewa.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Bernadina alikuwa hajamwambia. Aliniambia Jumapili moja tukitoka misa: "Twende kwa mzee Ngassa."

Ngassa alikuwa mchimbaji. Miaka minne iliyopita alileta karashani mawe ya mwisho ya duara lake, viroba thelathini, baada ya kuuza ng'ombe wake ili afike kwenye mwamba. Yalisagwa siku mbili. Hayakutoa kitu. Aliambiwa mwamba wake ulikuwa mtupu, akafukia duara, akaenda kukaa na mwanawe pembeni ya mji akisokota kamba za katani. Kila akikutana na Bernadina sokoni alimwamkia kwa sauti, mbele ya watu, akimuulizia afya na habari za Sostenes.

Tulitembea dakika arobaini. Mimi nililalamikia magoti yangu njia nzima. Tulimkuta ameketi barazani, kamba katikati ya vidole vya miguu. Akaita mkamwana alete viti. Kwa Wasukuma mgeni anapewa kiti kabla hajafungua mdomo, na mgeni anayekikataa amekuja na ugomvi. Mimi nilikaa haraka. Bernadina alibaki amesimama, mkono kwenye mgongo wa kiti.

"Mayu, kaa," Ngassa akasema.

"Unisamehe, baba. Nililokuja nalo siwezi kulisema nimekaa."

Akamwambia yote. Ufa, unga, bati, fundi alivyosema. Hakujua kama mawe yake ndiyo yaliyomwagikia kule nyuma, hakuna anayeweza kujua, lakini huenda. Ngassa aliendelea kusokota kamba mpaka alipomaliza.

"Yalisagwa siku mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwepo zote mbili."

"Nilikuwepo, baba. Sikuinuka hata mara moja. Hilo ndilo kosa langu."

Mzee akaweka kamba chini. "Miaka minne," akasema, "nimejua kwamba uliniibia. Sikumwambia mtu, hata mwanangu. Nilikuwa nakusalimia sokoni ili uone aibu. Nikashangaa mwanamke huyu aibu haimshiki, ananijibu vizuri, anaulizia wajukuu." Akatikisa kichwa. "Kumbe hukuwa na habari."

Bernadina alikuwa analia, bila kelele, amesimama wima. Na mimi pia.

Ngassa alishika nguzo ya baraza akaanza kunyanyuka. Ilimchukua muda, magoti yake ni mabaya kuliko yangu. Mkamwana alikuja mbio akidhani kuna jambo, akamwashiria arudi. Alipokwisha kunyooka akasogea akasimama mbele ya Bernadina, kamba imemnasa mguuni.

"Basi tusimame wote," akasema.

Nikaona haya kubaki peke yangu kwenye kiti, nami nikainuka. Simu yangu ikalia mfukoni. Nilikuwa nimesahau kuizima Jumapili. Ilikuwa nusu saa.